Njia ya Yai

Malindi, 2 Machi 1997

Kwa Dama,

Nilifika salama, ingawa basi lilikwama Garsen nusu siku likingoja askari wa kusindikiza mabasi kwa sababu ya majambazi. Kazi ya stoo hapa hotelini ni ileile.

Mwezi ujao tunatimiza miaka mitatu tangu nikuoe. Siku ile naondoka, mama alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia mbele ya watu waliokuwa wakingoja basi, "Dzombo, ulituletea mke au mgeni? Maana anakula, analala, na hatuoni kitu." Watu walicheka. Nami nikacheka. Ningefanya nini?

Mbuzi wako mwenyewe amezaa pacha. Hata yeye humwonei haya?

Sitaki unijibu kwa machozi. Nataka unieleze una mpango gani.

Mumeo,
Dzombo Mwaringa


Minjila, 23 Machi 1997

Mume wangu Dzombo,

Barua nimeipokea kwa kondakta. Maneno ya mama niliyajua kabla hujayaandika. Alipotoka kukusindikiza aliyarudia hapa nyumbani, safari hii wakiwapo wake wa majirani.

Umeniuliza mpango wangu. Nilikwenda zahanati nikaonana na muuguzi anayeitwa Sista Asli, msichana wa wale wafugaji wa Kiorma. Nilidhani atanipa vidonge nirudi. Akanikalisha, akaniuliza kama najua mimba inavyotunga. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu. "Haya, nieleze basi," akasema. Kumbe ninayoyajua yanaishia pale mlango wa nyumba unapofungwa.

Akasimama katikati ya chumba akanyoosha mikono yake huku na huku kama mtu anayefukuza ndege shambani. Akasema kiwiliwili chake ndio mji wa mimba. Mikono ndiyo mirija miwili. Na pale vidole vinapoishia, kila upande kuna kifuko cha mayai. Mayai hayo, Dzombo, nilizaliwa nayo tumboni mwangu. Kila mwezi moja linapevuka, linapasuka kutoka kifukoni, na ncha ya mrija inalipapasa kwa vidole vyake mpaka inalinyaka. Mimi nilidhani mbegu ya mume inalikuta yai ndani ya mji wa mimba. Kumbe sivyo. Vinakutana huko mrijani. Mbegu zinapanda kwa mamilioni, karibu zote zinafia njiani, na moja tu ikishaingia yai linajifunga zisiingie nyingine. Ndipo yai linateremka polepole kwenda kukaa mahali palipotandikwa. Lisipokutana na mbegu linakufa, matandiko yanabomoka, na hiyo ndiyo damu ninayoiona.

Kilichonishtua ni hiki: yai halingoji. Likitoka, linaishi kama siku moja tu. Mbegu za mume zina subira zaidi, zinaweza kukaa siku kadhaa. Kwa hiyo ni afadhali mume awe ametangulia. Dalili yake ni ute unaovutika kama ule mweupe wa yai la kuku.

Sasa fikiri. Wewe unapewa ruhusa mwisho wa mwezi, na ukifika damu yangu iko mlangoni. Yai limeshakufa zamani. Miaka mitatu tumekuwa tukipishana! Tafadhali omba ruhusa yako ihamie katikati ya mwezi. Nilitoka pale nikicheka peke yangu njiani kama mwendawazimu.

Sista alisema pia mume naye anatakiwa kuja kupimwa. Hilo nakuachia mwenyewe.

Mkeo anayekupenda,
Dama


Malindi, 6 Aprili 1997

Kwa Dama,

Barua yako niliisoma chooni ili wenzangu wasiione. Mke wangu anaandika habari za ute! Huyo nesi wako amesomea ng'ombe wa baba yake, na wewe umekubali kuwa ng'ombe wa pili.

Hata hivyo nimezungumza na bosi. Nitakuja katikati ya mwezi, na mwezi unaofuata, na unaofuata. Baada ya hapo usiniletee tena habari za kupishana. Kuhusu kupimwa, mimi sina ugonjwa wowote. Jambo hilo usilirudie, wala usimtajie mama.

Dzombo


Minjila, 3 Agosti 1997

Mume wangu,

Tangu Aprili umekuja mara nne, na kila mara nilikuona ukifika nikashukuru, kwa sababu dalili nilikuwa nimeiona. Leo asubuhi damu imekuja tena. Nilijificha kwenye mihogo nikalia. Mama aliponiona nimebadilisha kanga hakuuliza. Alitema mate tu, akaendelea kupepeta mahindi.

Nimerudi kwa Sista Asli. Safari hii aliniuliza maswali mengi. Nikamweleza maumivu haya ya chini ya kitovu yanayokuja na kuondoka, na ile homa iliyonilaza mwaka tulipooana, ukaniambia ni malaria. Kisha akauliza, "Wakati ule mumeo alikuwa mzima? Alikuwa akikojoa bila shida?" Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui. Je, nimjibu nini?

Anasema kuna ugonjwa unaopanda mpaka mirijani na kuacha makovu. Yai hutoka kama kawaida, lakini njia imezibika. Anataka nikapigwe picha ya mirija Mombasa.

Nakuomba usikasirike. Nauliza tu.

Mkeo,
Dama


Malindi, 31 Agosti 1997

Dama,

Mwambie nesi wako kwamba Dzombo Mwaringa hakojoi kwa ruhusa yake.

Tangu nikiwa mtoto sijaugua zaidi ya surua. Kama una makovu, jiulize uliyapata wapi kabla hujaja kwangu. Mimi nilikuchukua kwa heshima ya baba yako, sikukuuliza maswali.

Hutakwenda Mombasa. Nimeshazungumza na wazee wa msichana mmoja wa Marafa, jina lake Kadzo. Ana miaka kumi na tisa. Mama ameridhia. Nadhani nawe utaridhia, ukizingatia hali yako.

Dzombo


Minjila, 30 Novemba 1997

Dzombo,

Barua hii nampa kijana wa helikopta ya msaada. Akiitupa baharini, basi.

Maji ya mto yalikuja alfajiri. Mahindi yamekwenda, kuku wamekwenda, jiko limekwenda. Mama hakuweza kutembea kwenye ule mkondo. Nilimbeba mgongoni, maji yakiwa kifuani, akinivuta nywele na kunipigia kelele nisimwangushe. Sikumwangusha. Sasa tuko kwenye kipande cha barabara kilichobaki juu, watu na mbuzi pamoja, tumejifunika turubai moja.

Geuza karatasi.

Juzi yale maumivu yalinishika vibaya. Nilijikunja chini nikauma kanga. Mama alinitazama, kisha akasema bila hata kushusha sauti, "Dzombo naye yalimshika hivyohivyo."

"Yapi, mama?"

"Hayo. Wiki chache kabla ya harusi yenu alirudi kutoka Malindi akikojoa usaha na kulia. Nilimchemshia mizizi, haikusaidia. Mpaka alipokwenda kuchomwa sindano."

Nilikaa. Nikamuuliza, "Ulijua, mama? Miaka yote hii ukiniita tasa, ulijua?"

"Ningekwambia nini? Bibi harusi haambiwi mambo kama hayo. Ungerudi kwenu, sisi tukabaki na aibu."

Kisha akaniambia nimsogezee maji ya kunywa. Nikamsogezea.

Nataka kusikia kwa kinywa chako. Ni kweli?

Dama


Malindi, 1 Machi 1998

Kwa Dama,

Namshukuru Mungu mmepona. Barua yako ya mafuriko ilinifikia Januari, lakini ilikuwa imelowa. Upande wa kwanza nilisoma, upande wa pili wino wote ulikuwa umetapakaa. Kama kulikuwa na jambo la maana, utaniambia.

Barabara imefunguka. Kadzo nimemwoa mwezi uliopita, na wiki ijayo namleta akae nanyi. Huku chumba ni kidogo na shamba linataka mikono. Mpokee kama mdogo wako. Mwonyeshe kisima, mwonyeshe mpaka wa shamba letu. Na kama una moyo mzuri, mweleze yale mambo yako ya yai na siku zake ili tusipoteze wakati tena. Hapo elimu ya nesi wako itakuwa imefaa kitu.

Dzombo


Minjila, 7 Juni 1998

Dzombo,

Ulisema upande wa pili ulilowa. Nauandika tena, kwa kalamu ya risasi ambayo hailowi: mama yako alinieleza kwamba ulikuwa na kisonono ukatibiwa kwa siri, nami ukanioa nacho.

Mwezi uliopita nilimwambia mama nakwenda kumwona baba. Nilikwenda kweli, na baba akanipeleka Mombasa. Walinilaza chini ya mashine, wakaingiza dawa kupitia njia ya uzazi, wakapiga picha. Inauma, lakini nimeumwa zaidi ya hapo. Daktari akainua ile picha dirishani. Mji wa mimba ulionekana mweupe vizuri, umbo lake kama pembetatu. Kutoka hapo mirija ilitakiwa ionekane kama nyuzi mbili nyeupe. Upande mmoja ulianza ukakatika. Upande mwingine haukuonekana kabisa.

Nikamuuliza kama mayai yangu yamekwisha. Akasema la, hayana kasoro, na kila mwezi moja linatoka. Nikamuuliza linakwenda wapi. Akasema halina pa kwenda.

Baba alikuwa amekaa nyuma yangu. Tulipofika kituo cha basi, akanishika mkono mbele ya watu kama nilivyokuwa mtoto.

Kadzo ni msichana mpole. Tunalima pamoja. Bado hajui lolote. Nijibu.

Dama


Malindi, 14 Juni 1998

Dama,

Umenilazimisha, basi soma.

Ndiyo, niliugua. Mwanamume gani wa umri wangu katika mji huu hajaugua? Nilichomwa sindano mbili, wiki moja nikapona. Daktari aliniambia nikulete nawe. Mahari yalikuwa yamepelekwa, harusi ilikuwa imekwishapita, wewe hata kunitazama usoni ulikuwa unaona haya. Ningeanzia wapi? Ulipopata homa nilijua. Nilidhani itapita yenyewe, kwa maana wako wanawake inawapita. Ilipopita nikamshukuru Mungu, nikasahau.

Sasa umejua. Kujua kumekuongezea nini? Mirija imefunguka? Ungekaa hivyohivyo ukiamini ni kazi ya Mungu, ungekuwa na amani zaidi. Mimi nilikuachia amani hiyo, wewe na baba yako mkaenda kuivunja Mombasa.

Kadzo asiambiwe. Ukimwambia, hapo kwangu si kwako.

Dzombo


Minjila, 5 Julai 1998

Dzombo,

Ulipokuja mwezi uliopita ulilala kwa Kadzo siku tatu ukaondoka. Wiki ya pili akaanza homa, na maumivu chini ya kitovu. Mama akasema ni malaria, akaanza kuchemsha mizizi yake.

Sindano zako mbili zilikuponya mara ile, Dzombo. Hazikukuponya tabia.

Nitakwambia jambo, nawe ulijue kama unavyonijulisha mambo yako. Siku ya kwanza nilimwona amejikunja kwenye mkeka akiuma kanga, nikachukua jembe nikaenda shamba. Siku ya pili vilevile. Nilisema moyoni, naye aonje. Jioni yake aliniita, "Dada, nikifa, viatu vyangu uvichukue wewe, usimpe mama." Nikatupa jembe.

Nilimpeleka kwa baiskeli mpaka zahanati. Mama alisimama njiani akitutukana. Sista Asli amemchoma sindano na kumpa vidonge vya wiki mbili, nami pia nimepewa vyangu. Anasema huenda tumewahi kabla mirija haijashikana. Pale kwenye benchi nilimweleza Kadzo yote. Hakulia. Aliniuliza, "Nawe ulinyamaza tangu Machi?" Swali hilo ni langu na lako.

Dawa zako ziko kwa Sista. Nenda popote utakapo, lakini utibiwe.

Dama


Malindi, 22 Novemba 1998

Dama,

Bila shaka umeona mwenyewe, maana mnalala nyumba moja. Kadzo ana mimba, na mama amewatangazia majirani. Imedhihirika sasa tatizo lilikuwa kwa nani, na hakuna daktari wa Mombasa atakayenieleza vingine.

Mama anaogopa jicho lako kwa mtoto. Sisemi ni kweli, lakini ni mama yangu. Ondoka kabla ya Krismasi. Baba yako nimemtumia ujumbe. Chukua vyombo vyako na mbuzi wako. Jembe jipya liache, Kadzo atalihitaji akishajifungua.

Dzombo Mwaringa


Malindi, 5 Septemba 1999

Kwa Dama,

Nimesikia kwamba uko kijiji cha Wema, unalima mpunga na akina mama wa Kipokomo. Nimefurahi kusikia uko mzima.

Mtoto ni wa kiume, tumempa jina la marehemu baba. Kadzo amekataa kukaa Minjila. Amekuja huku na mtoto, na amenipa masharti ambayo hata kuyaandika naona aibu: hanikaribii mpaka nipimwe mbele ya macho yake. Hayo ni mafundisho yako.

Sikuandika kwa hilo. Mama amepatwa na kiharusi mwezi wa saba. Upande mzima umelala, ulimi mzito. Jirani humpelekea uji akikumbuka. Kumsafisha hakuna anayekubali. Anataja jina moja tu linaloeleweka, nalo ni lako.

Rudi, Dama. Nitakurudisha kwa heshima, mbele ya wazee. Kadzo akimwachisha mtoto ziwa, utaletewa umlee. Utakuwa mama kama wengine. Ni nani mwingine atakupa hilo?

Nangoja.

Dzombo


Wema, 26 Septemba 1999

Dzombo,

Nilikwenda Minjila Jumanne. Si kwa barua yako. Mpunga ulikuwa umeinama kungoja mavuno, nilikuwa na siku ya mapumziko, na miguu ilinipeleka.

Nilimkuta amelala katika uchafu wake. Nzi walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona kwa mtu aliye hai. Nilichota maji nikayapasha moto, nikamwosha mwili mzima, mgongo wake una vidonda viwili vya kuingia kidole. Nilimvalisha kanga yangu. Nikampa uji, ukamwagika nusu, nikampa tena. Alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima na hakutaka kuuachia.

Nikainama nikamuuliza, "Mama, ile siku ya homa yangu, uliponiletea mizizi, ulijua kwamba sindano ingeniponya?"

Hakuweza kusema. Alinitazama na chozi likamtoka jicho moja tu, kwa sababu lile lingine halifungi wala halitoi kitu. Alijua. Nilikaa pale nikingoja nimhurumie. Nilingoja muda mrefu kweli, Dzombo, uji ukapoa. Huruma haikuja.

Nikatoa vidole vyake kimoja kimoja. Nikamfunika.

Mtoto wako ana mama yake, sihitaji kuazimwa. Kadzo mwambie kipimo kiko Malindi kama kilivyo kwa Sista Asli, asikubali udanganyifu.

Mlango wa mama yako nimeuacha wazi ili majirani wamsikie akiita. Usimtume mtu. Njoo umwoshe mwenyewe.

Dama binti Kenga